Kwa nini orodha ya magaidi ilizuia dola 600 za mama wa Birere

Swali: "Mwalimu, jambo sana. Ninauza vitenge Birere, hapa Goma, na kwetu ni Butembo. Tangu benki zifungwe Januari 2025 navuka hadi Gisenyi, upande wa Rwanda, kuchukua pesa ambayo mdogo wangu hunitumia kutoka Dubai. Mwezi uliopita alituma dola 600, za karo ya watoto na dawa za mama yetu. Zilikaa siku 11. Kijana wa dirishani aliniambia jina la mdogo wangu linafanana na la mtu aliye kwenye orodha ya ugaidi. Yeye ni Musa, na jina la nyumbani ni Paluku. Nililia kwa hasira, maana shangazi yangu na wanawe wawili walikatwa mapanga upande wa Beni mwaka 2014. Nani anaandika orodha hiyo? Mbona ADF wanaitwa magaidi dunia nzima na waliotufukuza sisi hawaitwi hivyo? Serikali zinapatana kweli juu ya neno lenyewe? Na hizo hatua zao za pamoja, mbona zilinifikia mimi kabla ya kuwafikia wauaji? Sasa mdogo wangu anataka kutuma kwa jina la rafiki yake. Afanye hivyo?"

Jibu:

Mama, pole sana kwa shangazi yako na wanawe. Barua yako nimeisoma mara tatu kabla ya kuanza kujibu. Nakuandikia kutoka Lubumbashi, nilikohamia mwaka 2025 baada ya kufundisha sheria ya kimataifa Goma miaka mingi. Birere naijua, na vitenge vya nyumbani kwangu vilitoka huko. Nitaanza na pesa yako. Ukielewa kilichotokea katika siku zile 11, utakuwa umeelewa sehemu kubwa ya mambo ambayo serikali hufanya kwa pamoja dhidi ya ugaidi, na pia mahali zinapokosea.

Kiongozi wa ADF, wapiganaji wenye asili ya Uganda wanaoua watu upande wa Beni, anaitwa Musa Baluku. Marekani ilimwekea vikwazo Desemba 2019, na Februari 2020 Umoja wa Mataifa ukaingiza jina lake kwenye orodha ya vikwazo vya Kongo. Wewe ni Mnande, huhitaji kufundishwa na mimi kwamba Baluku kwa Wakonzo wa Uganda na Paluku upande wetu wa mpaka ni jina lilelile, na kwamba mtoto hulipata kwa zamu ya kuzaliwa, halitokani na ukoo. Ita "Paluku!" sokoni Butembo uone watageuka watu wangapi. Kompyuta ya kampuni ya kutuma pesa haijui desturi hiyo. Inalinganisha herufi. Kati ya Paluku na Baluku tofauti ni herufi moja, na kati ya Musa na Musa hakuna tofauti. Ikiona mfanano, inasimamisha pesa hadi mtu aangalie kwa macho yake. Mtu huyo yuko ofisi ya mbali, ana rundo la majina mbele yake, na kitu pekee ambacho kingemwondolea shaka haraka, yaani tarehe na mahali pa kuzaliwa, mara nyingi hakikuandikwa kwenye fomu.

Kuna jambo jingine ambalo kijana wa dirishani hakukwambia. Kampuni ikipitisha pesa ya mtu aliye kwenye orodha, inaweza kutozwa faini ya mamilioni au kunyang'anywa leseni. Ikimchelewesha mama wa Birere siku 11, haitozwi hata franka moja. Ndiyo maana shaka yote inaangukia kwako. Halikuwa kosa la mdogo wako, na pengine halikuwa la kijana yule pia.

Sasa nani anaandika. Orodha si moja. Inayojulikana zaidi ilizaliwa na azimio namba 1267 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, tarehe 15 Oktoba 1999. Ilianza na Taliban, ikachukua Al-Qaida, na tangu 2015 imechukua pia Dola la Kiislamu, ambalo wengi huliita Daesh. Serikali hupeleka jina pamoja na maelezo yake, na kamati yenye nchi zote 15 za Baraza huamua kwa kauli moja. Jina likiingia, mali ya mwenye jina hufungwa, haruhusiwi kusafiri, haruhusiwi kuuziwa silaha, na kila nchi mwanachama inalazimika kutekeleza. Hakuna hakimu anayemsikiliza kwanza. Baada ya Septemba 2001 majina yaliingizwa kwa kasi sana, na hapo ndipo dosari ilipoonekana. Mfanyabiashara wa Saudia, Yassin Abdullah Kadi, aliingizwa Oktoba 2001. Alikwenda Mahakama ya Haki ya Ulaya, na tarehe 3 Septemba 2008 mahakama hiyo ikasema kwamba hata agizo linalotokana na Baraza la Usalama haliwezi kumnyima mtu haki ya kujua anashtakiwa nini na kujitetea. Mwaka uliofuata Baraza likaunda ofisi huru ya kupokea malalamiko ya walioorodheshwa. Kadi mwenyewe aliondolewa kwenye orodha mwaka 2012. Huo ni muda wa miaka 11.

Baluku yeye aliingia kwa mlango mwingine, yaani kamati ya vikwazo vya Kongo iliyoundwa na azimio 1533 la mwaka 2004. Shika jambo hili, maana ndilo litakalojibu swali lako la waliokufukuza. Nitalirudia.

Lakini azimio lililofika hadi kwenye dirisha lile la Gisenyi ni namba 1373. Lilipitishwa tarehe 28 Septemba 2001, siku 17 baada ya ndege kugongwa kwenye majengo ya New York na Washington. Linaziamuru serikali zote, bila kuziomba: kuchangia ugaidi kuwe kosa la jinai, mali ya magaidi ifungwe bila kuchelewa, asiwepo wa kuwapa hifadhi, na habari zipeanwe. Upo mkataba uliosema karibu hayo hayo tangu Desemba 1999, lakini kabla ya Septemba 2001 nchi zilizokuwa zimeuridhia ni 4 tu, mojawapo Botswana. Yaliyokuwa hiari yakawa lazima kwa kura ya jioni moja. Tena azimio hilo, lililolazimisha dunia nzima kupambana na ugaidi, halikusema popote ugaidi ni nini. Kila serikali ikajaza nafasi hiyo kwa kalamu yake. Kwetu ikaja sheria ya kijeshi ya Novemba 2002, inayozungumzia kuvuruga utulivu wa umma kwa vitisho au hofu. Maneno mapana kama hayo yanaweza kumtosha mchinjaji, na yanaweza pia kumtosha kijana aliyechoma tairi barabarani. Mimi sipendi sheria inayoenea hivyo, na nimeliambia darasa langu hivyo kila mwaka.

Anayehakikisha kwamba benki zinatii ni GAFI, kundi lililoundwa Paris mwaka 1989 na nchi tajiri 7 pamoja na wenzao, kwanza kwa ajili ya pesa ya madawa ya kulevya. Oktoba 2001 likapewa na kazi ya pesa ya ugaidi. Halina jeshi wala mahakama. Lina karatasi tu, ambayo watu huiita orodha ya kijivu, na nchi ikiandikwa humo benki za dunia zinaanza kuuliza maswali mengi juu ya kila pesa inayoingia au kutoka. Kongo iliandikwa Oktoba 2022, pamoja na Tanzania na Msumbiji. Desemba ya mwaka huohuo Kinshasa ikatoa sheria mpya dhidi ya pesa chafu na ufadhili wa ugaidi. Kwa hiyo pesa ya mdogo wako ilibeba mizigo miwili: jina linalofanana, na nchi mnayotoka, iliyoandikwa.

Je, nyavu hizo zinakamata samaki wanaotafutwa? Kidogo, na tusidharau hicho kidogo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka 2023 kwamba tangu angalau 2019 Daesh iliwatumia ADF pesa kupitia mtandao wa watu ulioanzia Somalia na kupita Afrika Kusini, Kenya na Uganda. Usingeweza kuuona mtandao huo kama kampuni za kutuma pesa hazingetunza kumbukumbu za nani alimtumia nani. Lakini panga halinunuliwi kwa benki. Kundi la msituni linakula kwa kuvamia mashamba ya watu, kuteka na kunyang'anya kakao ya wakulima. Dhahabu inavuka mpaka mfukoni. Kadiri mtu anavyoishi ndani ya karatasi, akiwa na risiti, namba ya simu na jina lake halisi, ndivyo hatua hizi zinavyomfikia upesi. Hilo ndilo jibu la swali lako lenye uchungu zaidi. Umefikiwa kwa sababu unaonekana.

Tuje kwenye neno. Hapa kwetu tuna mwasi, jambazi, na gaidi, na kila redio inachagua lake kulingana na nani anatawala mji siku hiyo. Usidhani mabalozi ni bora kuliko sisi. Oktoba 1934 mfalme Alexander wa Yugoslavia na waziri wa Ufaransa Louis Barthou waliuawa Marseille. Shirika la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, likaandaa mkataba dhidi ya ugaidi, ukasainiwa mwaka 1937, na nchi moja tu ikauridhia, India. Haukuanza kazi kamwe. Mwaka 1996 Umoja wa Mataifa uliunda kamati ya kuandika mkataba mmoja wa jumla, na hadi leo haujakamilika. Wanakwama penye mafundo mawili. Wa kwanza wanauliza: anayepigania ardhi yake dhidi ya mvamizi au mkoloni, yeye pia ni gaidi? Wengine wanauliza: na jeshi la serikali linalotisha raia kwa mabomu, je?

Afrika ililijibu fundo la kwanza mapema. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliopitishwa Algiers Julai 1999 unasema wazi kwamba mapambano ya mataifa kujikomboa na ukoloni na uvamizi si ugaidi. Wazee waliouandika walijua wanachosema. Jina la Nelson Mandela, kwa kuwa mwanachama wa ANC, lilibaki katika kumbukumbu za ugaidi za Marekani hadi mwaka 2008, miaka 14 baada ya kuchaguliwa rais. Kila nikifika hapo darasani, wanafunzi hunyamaza.

Kwa kuwa mkataba mmoja ulishindikana, serikali zikafanya kama ndugu walioshindwa kugawana urithi wote wakaamua kugawana kiwanja kimoja kimoja. Ziliacha kubishana juu ya gaidi, zikakubaliana juu ya kitendo. Kuteka ndege, 1970. Kushika watu mateka, 1979. Kulipua bomu mahali pa watu, 1997. Ufadhili, 1999. Kuna hati kama hizo 19 leo, na katika nyingi utakuta kanuni moja: ukimkamata mtuhumiwa, ama umkabidhi kwa nchi inayomtaka, ama umhukumu mwenyewe. Hutakiwi kuthibitisha kwamba ni gaidi. Unathibitisha kwamba alilipua bomu. Mimi naona huu ndio ushirikiano uliozaa matunda kuliko hotuba zote, na nitakupa mifano miwili kutoka kwa majirani zetu.

Jamil Mukulu, aliyeiongoza ADF kabla ya Baluku, alikamatwa Tanzania mwaka 2015, na Julai ya mwaka huo akakabidhiwa kwa Uganda. Hapakuwa na vita wala ndege za kivita. Polisi wa nchi moja walimtambua mtu aliyekuwa akiishi kwa majina ya bandia, mahakama ikasikiliza ombi, akavushwa.

Wa pili una funzo kali zaidi. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Watu 224 walikufa, wengi wao Wakenya waliokuwa wakipita njia au kufanya kazi majengo ya jirani. Mmoja wa washtakiwa, Mtanzania Khalfan Khamis Mohamed, alikamatwa Cape Town Oktoba 1999, na Afrika Kusini ikamkabidhi kwa maofisa wa Marekani haraka haraka bila kudai ahadi kwamba hatauawa. Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikasema serikali yake ilivunja sheria, kwa sababu nchi iliyofuta adhabu ya kifo haiwezi kumpeleka mtu kwenye adhabu hiyo bila ahadi. Hukumu hiyo ikafika mbele ya baraza la wazee wa mahakama New York, na Mohamed akahukumiwa kifungo cha maisha.

Kwa nini nakusimulia habari za Cape Town? Kwa sababu Machi 2024 Kinshasa iliondoa zuio la kutekeleza adhabu ya kifo, lililokuwa limedumu zaidi ya miaka 20. Naelewa hasira iliyozaa uamuzi ule. Nimezika watu mimi pia. Lakini kama kesho mfadhili wa waliomuua shangazi yako atakamatwa nchi iliyofuta adhabu hiyo, mawakili wake watasimama na kusema: Kongo inaua. Na mahakama itatuambia tusubiri, au itamkatalia kabisa waziri wetu. Tumejifungia mlango tunaouhitaji.

Kuhusu Interpol nitasema machache, maana watu huiwazia mambo makubwa. Haina polisi wa kukamata. Ni nchi 196 zinazopeana habari: majina, alama za vidole, pasipoti zilizoibwa. Katiba yake, ibara ya 3, inaikataza kujiingiza katika mambo ya siasa, ya kijeshi, ya dini au ya kabila. Kwa hiyo serikali ikiomba mpinzani wake asakwe kwa jina la ugaidi, ofisi ya Lyon inaweza kukataa. Januari 2022 Mkenya aliyekuwa akisakwa kwao kwa tuhuma za ugaidi alikamatwa Beni, na bila habari kuvuka mpaka angeonekana kuwa mgeni tu.

Sasa swali la ADF na wengine. Narudi kwenye ile kamati ya Kongo. Tarehe 31 Desemba 2012 iliandika M23, ndio hao waliokufukuza, na FDLR, waasi wa Rwanda walioko kwetu. Tarehe 30 Juni 2014 iliandika ADF. Februari 2018 iliandika hata jenerali wa jeshi letu wenyewe, Muhindo Akili Mundos, kwa madai ya kuwasaidia wapiganaji waliohusika na mauaji ya Beni. Wote wako kwenye karatasi moja, na kufungiwa mali na safari ni kulekule. Pale New York, Mama, waliokufukuza na waliomuua shangazi yako wameandikwa ubavu kwa ubavu. Kichwa cha karatasi hiyo ni vikwazo vya Kongo. Neno ugaidi halimo katika kichwa chake.

Tofauti ilianza Aprili 2019, Daesh ilipodai kwa mara ya kwanza shambulio nchini mwetu, upande wa Kamango. ADF wakawa sehemu ya habari inayohusu Paris, Baghdad na Maputo. Machi 2021 Marekani ikawaweka kwenye orodha yake ya mashirika ya kigaidi, kwa jina la Daesh ya Kongo, na Juni mwaka huo Kongo ikaingia katika muungano wa nchi zinazopigana na Daesh. Serikali za mbali zinamwita gaidi yule anayeweza kuvuka bahari na kuwafikia wao. Uzito wa damu ya Beni haukubadilika kati ya 2014 na 2019. Kilichobadilika ni bendera.

M23 wao wana madai wanayotaka yajadiliwe mezani. Serikali yetu iliwaita kundi la kigaidi Mei 2022 na kuwatoa kwenye mazungumzo ya Nairobi. Januari 2025 wakaingia Goma, Februari wakaingia Bukavu, na tarehe 21 Februari Baraza la Usalama likapitisha azimio 2773 kwa kauli moja, likiwalaani na kuitaka Rwanda iondoe askari wake Kongo. Marekani na Umoja wa Ulaya zimewawekea vikwazo viongozi wao. Lakini neno ugaidi halikutumika, na Julai 2025 wajumbe wa Kinshasa walisaini nao tamko la kanuni huko Doha. Ukishamwita mtu gaidi, ni vigumu kukaa naye mezani kesho yake, na serikali nyingi zilitaka meza ibaki. Unaweza kukasirika, na nadhani una haki. Ila usikubali kuambiwa kwamba ambaye hajaitwa gaidi hana kosa. Kuua raia, kubaka, kuandikisha watoto na kuwafukuza watu makwao ni uhalifu wa kivita, na sheria yake ni ya zamani na thabiti zaidi kuliko ya ugaidi. Mahakama ya The Hague haihitaji neno gaidi ili ihukumu, na uhalifu wa kivita haufutwi kwa kupita miaka. Binafsi, kama ningelazimika kuchagua neno moja la kuwashtakia waliowatesa watu wa Kivu, ningechagua hilo.

Tena neno gaidi lina hatari nyingine ambayo watu wa Beni waliiona kwa macho. Tangu Oktoba 2014 kila mauaji yaliandikwa "ADF" hata kabla ya maiti kuzikwa, na upelelezi ukaishia hapo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa na watafiti wengine walikuja kuonyesha kwamba katika mauaji yale kulikuwa na mikono zaidi ya mmoja. Sisemi hivyo kuwaosha ADF. Waliolipua kanisa Kasindi tarehe 15 Januari 2023, waliochoma mabweni ya shule Mpondwe upande wa Uganda tarehe 16 Juni 2023 na kuua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi, waliovamia kanisa Komanda usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, hao tunawajua. Nasema tu kwamba familia ya aliyekufa ina haki ya kujua nani hasa alishika panga, na jina moja kubwa linaweza kuwa pazia.

Majeshi nitayataja, kwa sababu ndiyo sura ya ushirikiano ambayo watu wa Butembo wanaiona barabarani. Novemba 2021 mabomu yalilipuka Kampala, na tarehe 30 ya mwezi huo jeshi la Uganda na letu yakaanza operesheni Shujaa. Kambi kadhaa zilivunjwa, mateka wengi wakarudi nyumbani, barabara zikafunguka. Lakini kundi likipigwa linagawanyika vipande, na vipande hivyo vilisogea magharibi kuelekea Mambasa na Lubero, kwenye vijiji ambavyo havikuwa na askari. Makubaliano ya majeshi mawili yalisema vizuri nani atapiga wapi. Nani angewalinda wale walio kwenye njia ya wanaokimbia, hilo liliachwa nyuma. Mkakati wa Umoja wa Mataifa wa Septemba 2006 una nguzo nne, na ya kwanza si silaha. Ni kuondoa hali zinazozalisha ugaidi: ardhi inayogombewa bila hakimu, vijana wasio na kazi, mauaji yasiyo na kesi. Nguzo hiyo ndiyo inayopata pesa kidogo kila mwaka, na ndiyo ambayo Beni iliisubiri tangu kabla hujasikia neno Daesh.

Sasa mdogo wako. Asitume kwa jina la rafiki. Leo jina lake ni safi na tatizo ni mfanano tu. Siku atakapotumia jina la mwingine, atakuwa amefanya hasa jambo ambalo kompyuta zile zinalitafuta, na rafiki yake ataingia naye matatani. Asizigawe pia dola 600 kuwa 200 mara tatu ili zipite kimya. Kugawa pesa vipande ni alama nyingine wanayoifuatilia.

Afanye hivi. Aende na pasipoti kwa kampuni anayoitumia Dubai, aombe faili lake liwe na majina yake yote kama yalivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, na Butembo kama mahali pa kuzaliwa. Atumie kampuni ileile kila mara, ili mfanano uliokwisha kuondolewa ubaki umeandikwa. Kwenye nafasi ya sababu asiandike "msaada", aandike "karo ya watoto wa dada". Wewe ukivuka kwenda Gisenyi beba risiti ya shule na ya dawa, hata kama hawajakuomba. Pesa ikikwama tena zaidi ya siku chache, usibishane na kijana wa dirishani, hana uwezo. Omba namba ya malalamiko, kisha uandikie ofisi kuu ya kampuni ukiwataka waseme kwa maandishi kama wamemchukulia mdogo wako kuwa mtu mwingine, na mtu huyo ni nani. Mwaka wa kuzaliwa peke yake unaweza kumaliza shauri, maana Baluku wa ADF alizaliwa miaka ya 1970. Usihangaike kuandikia New York, kwa kuwa mdogo wako hayumo kwenye orodha, na ofisi ile ya malalamiko inawahusu waliomo kwenye orodha ya 1267.

Barua ya kampuni nitakusaidia kuiandika. Nitumie tarehe ambayo pesa ilitumwa, tarehe uliyoipokea, na namba iliyo kwenye risiti.